Visiwa vya Nyasi vya Lwakato

Kalemie, Jumanne 10 Juni

Nimeanza daftari jipya kwa sababu lile la kazi ni la vinyesi na nyayo, na Damien hulisoma. Hili ni langu.

Nimepata kazi! Kiangazi chote, mpaka mvua za kwanza, nitakuwa magharibi, mbele ya Niemba, nikipima nyasi na kuhesabu wanyama. Damien ni mtafiti kutoka Lubumbashi, mwenye kofia pana na maneno mapana zaidi. Anataka kujua ni wanyama gani wamerudi katika ardhi ambayo watu waliikimbia, na kama moto wa kiangazi unawasaidia au unawafukuza. Aliponionyesha ramani niliona jina la Lwakato. Sikumwambia kitu. Angenionea huruma, na huruma yake ingempa mtu mwingine kazi.

Lwakato ndiko baba alikokuwa na mashamba. Sisi ni watu wa ziwani, wa samaki, ndakala na mikebuka, lakini yeye alipenda udongo. Kila mwaka alikwenda huko kulima mihogo na karanga, akarudi na magunia na vumbi masikioni. Mwaka 2017 wapiganaji wenye mishale waliingia Lwakato. Waliopona walifika Kalemie kwa miguu, wakalala mashuleni na makanisani. Baba hakuwamo. Hakuna aliyemwona akifa, hakuna aliyemwona akikimbia.

Miaka minane sasa mama hajamlilia. Hakuna mwili, hakuna matanga. Jana baba mdogo Nathanaël alikuja tena na shauri lake. Katika ukoo wa baba, mtu aliyepotea kabisa huzikiwa shina la mgomba badala ya mwili, akaliliwa, mambo yakaisha.

"Shemeji," alisema, "asiyekuwepo na lake halipo. Tuzike mugomba mbele ya mvua, upumuzike."

"Mimi sikuolewa na mugomba, Nathanaël."

Baba mdogo akavaa viatu vyake akaenda. Huwa namwona mtu wa haraka mno, anayetaka kumfuta ndugu yake ili nyumba ibaki bila mwenyewe.

Alipotoka, mama aliendelea kuchambua majani ya sombe bila kuniangalia. "Wanasema unaenda Lwakato." Mji huu hauna siri. "Uniletee jibu mbele ya mvua. Kama ni muzima, nijue. Kama alikufa, unionyeshe fasi amelala. Mugomba hapana."

Nikamjibu ndiyo, kama mtu aliyetumwa chumvi dukani.

Niemba, Jumamosi 14 Juni

Tumempata kiongozi wa njia. Papa Barnabé, mwindaji wa zamani, mwenye magoti yanayolia akiinama. Damien akamwuliza kama huko Lwakato bado kuna watu. "Watu hapana," alisema. "Kama iko kintu ingine, mimi sikusema." Damien akacheka. Mimi pia nilicheka. Nimesoma biolojia, siogopi hadithi.

Lwakato, Jumanne 17 Juni

Tumefika. Nilidhani nitalia, kumbe nilipigwa na butwaa tu.

Kijiji kimekuwa nyasi. Kuta za udongo zimeyeyuka zikabaki vifusi. Mihogo iliyoachwa imekuwa miti, unaweza kusimama chini yake. Mapera yameiva na hakuna aliyeyachuma, chini yake kumejaa nyayo za ngiri. Kanisani paa halipo. Ndani tulikuta vinyesi vya kuro, wale swala wakubwa, vingine vibichi, na nyasi zimelala mahali walipolala, kundi zima, karibu na altare. Damien alifurahi mpaka akavua kofia. Aliniita nije nione, kuro ndani ya kanisa, Joëlle, unaelewa maana yake? Nilielewa. Kila mnyama niliyemwandika leo amekaa mahali pa mtu.

Nilitafuta nyumba ya baba. Sikuijua. Nilikuja hapa mara moja tu nikiwa mdogo, na nakumbuka kuku.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kutoka kijijini kuna njia inayokwenda porini, nyembamba, safi. Njia ya watu isiyotembewa miaka minane hufa. Nikamwonyesha Papa Barnabé. "Ya nyama wa pori hiyo," alisema haraka, akageukia upande mwingine.

Alhamisi 19 Juni

Tumefunga kamera kwenye miti. Siafu wameniuma.

Alhamisi 26 Juni

Tumeanza kuchoma. Ukichoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu, moto hutembea polepole na miti haifi. Ukichelewa mpaka Septemba, unaua kila kitu. Damien amegawa eneo: huku tunachoma sasa, huku baadaye, huku hatugusi. Kisha tunaangalia swala, korongo na tohe, wanafuata majani mapya ya wapi.

Ila kuna jambo. Katika picha za satelaiti, kila kiangazi nchi yote inakuwa nyeusi, na katikati ya weusi kuna visiwa vidogo vya nyasi visivyoungua. Ni vilevile kila mwaka. Leo tumefika kwenye kimoja. Nyasi zimenipita kichwa, na pande zote umelimwa mkanda wa udongo mtupu, upana wa majembe mawili au matatu.

"Ni nani anayelima huku?" Damien aliuliza.

"Wawindaji," alisema Papa Barnabé. "Wanaachia nyama fasi ya kujificha. Kingine chote kikiungua, nyama wanaingia humo. Wewe unawazunguka, unawamaliza. Hata mimi nilifanya vile."

Ilieleweka. Wawindaji, basi; yule anayetembea kwenye njia safi ni mwindaji. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Jumatatu 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Damien alifungua kopo la sardini, tukaimba mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa, wa pili ukatushinda.

Jumatano 9 Julai

Sijui nianzie wapi. Mikono yangu bado inanuka moshi.

Damien aliamua tuchome visiwa. Hoja yake ilikuwa nzuri: wanyama wakikusanyika kwenye visiwa vya wawindaji tutawahesabu mara mbili na kudhani ni wengi, tena wawindaji watawamaliza mbele ya macho yetu. Nilikubali. Ilikuwa zamu yangu ya kushika mwenge. Nikaruka mkanda wa udongo, nikatia moto kwenye nyasi za kile kisiwa kikubwa, upande wa upepo. Ziliwaka kwa sauti kama mvua juu ya mabati. Nilisimama nimeridhika. Papa Barnabé alikuwa anatania kwamba binti wa ziwani amejua kupika porini.

Moto ulipolala, moshi ukapungua, tukaona chini.

Matuta saba. Marefu, yamepangwa sambamba, yote yameelekeza kichwa upande linakotoka jua. Kwenye kila kichwa jiwe. Udongo ulikuwa umepandishwa upya juu yake kila mwaka, unaona tabaka.

Papa Barnabé alivua kofia, akaketi palepale kwenye majivu kama mtu aliyekatwa miguu.

"Hapa tunalimia makaburi mbele ya moto," alisema baadaye. "Moto isiwakanyage wenye kulala. Lakini makaburi inakuwa karibu na kijiji, na musalaba. Hii iko porini. Nilisahau kintu moja. Mwenye kufa na mushale hawamurudishe kijijini. Anazikwa fasi alianguka." Akanitazama. "Njo kosa yangu, ni yangu, mutoto yangu. Nilisoma alama na macho ya mwindaji."

Lakini mwenge ulikuwa mkononi mwangu. Tulifika hapa watatu, na mwenye sababu ya kujua ni mimi. Nikamwambia Damien yote: baba, mishale, Lwakato. Akaniomba radhi, mimi niliyemficha. Sikujua kama ana moyo wa aina hiyo. Siku zote nilimwona kofia tu.

Sasa swali ni moja. Kama baba yuko katika wale saba, nimechoma kaburi lake. Na nani amekuwa akiwalimia?

Alhamisi 10 Julai

Asubuhi tulirudi. Majivu yalikuwa yamefagiwa.

Yamefagiwa! Matuta yote safi, alama za matawi juu ya udongo, mkanda umelimwa upya. Mawe yaliyogeuka meusi yamefutwa. Kambi yetu haiko mbali na hapo, na hatukusikia hata jani. Papa Barnabé alitaka turudi Niemba leo leo. Mimi nilijikuta nafanya ishara ya msalaba, na sikujionea aibu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Sasa naelewa kwa nini porini hapa hata njiwa hawanipi raha.

Jumamosi 12 Julai

Tulikuwa na kamera moja kwenye mninga ulio karibu. Damien alinipa kompyuta yake nitazame picha peke yangu, akaenda kujifanya anapima udongo.

Tohe. Tohe. Nyani. Nyasi zinaungua. Mimi mwenyewe, na mwenge, nacheka. Kisha alfajiri yake, mtu.

Ni mgongo tu. Ameinama, anafagia kwa tawi. Amevaa koti kuukuu lisilo na rangi. Bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia.

Baba alikuwa na bega hilo. Bega la kushoto, la magunia. Mama alikuwa akimtania kwamba siku moja litamwagika.

Niliitazama ile picha mpaka mashine ikazimika. Ndani yangu kulikuwa na sauti mbili. Moja ilisema mabega ya namna hiyo yamejaa Kongo nzima. Nyingine ilisema: alipoteza akili siku ile, akabaki anawazika wenzake, hajui njia ya kurudi. Nikaichagua ya pili. Niliichagua kwa moyo wote.

"Papa Barnabé, anaweza kuwa mzimu?"

"Muntu wa kufa hafagie," alisema. Alikuwa anaogopa vilevile, lakini sasa ilikuwa hofu ya aina nyingine.

Jumatatu 14 Julai

Nimefanya jambo. Rezo ya simu hupatikana juu ya kichuguu kikubwa tu, ukinyanyua mkono. Nilipanda nikampigia mama. Nilitaka kumsalimu na kushuka, lakini aliniuliza, "Umeona nini?" kwa ile sauti yake, na mdomo wangu ukamwaga yote. Mtu. Bega.

Nilidhani rezo imekatika. Kisha nikamsikia anamwita jirani, si kwa kulia, kwa kuimba.

Papa Barnabé alikuwa chini ya kichuguu, amesikia. "Umemupa mama yako sufuria, na chakula hujapata," alisema. Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Jumapili 3 Agosti

Baba mdogo alipiga simu nikiwa kichuguuni, akafoka mpaka simu ikakwaruza. Mama amemshonea baba suruali mpya, amewafukuza waliokuja kuzungumza habari ya mgomba. "Mutoto unacheza na maisha ya mama yako," baba mdogo alisema. Kisha sauti yake ikapasuka. "Mimi nimeisha kumuzika kaka yangu mara ngapi ndani ya kichwa! Nataka yeye apate usingizi. Njo hiyo tu." Sikujua anampenda mama kiasi hicho. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Jumatatu 11 Agosti

Namwachia mtu wa picha chumvi na ndakala kwenye jani la mgomba, kando ya mkanda. Naondoka. Nikirudi jani limekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe. Chumvi imechukuliwa, samaki wamechukuliwa.

Jumatano 13 Agosti

Jani limekunjwa.

Jumamosi 16 Agosti

Jani limekunjwa. Leo nilisimama pale nikaita "Papa!" mara nyingi. Nyasi za kisiwa kingine, kile ambacho hatukuchoma, zilitikisika, na hapakuwa na upepo.

Jumatano 20 Agosti

Korongo kumi na wawili kwenye majani mapya, na ndama. Damien anacheza kwa furaha. Nimeandika, nimepima, nimekula bukari, ugali wetu, na siku nzima shingo yangu ilijua kwamba kuna macho.

Alhamisi 28 Agosti

Nimemwona.

Mchana, jua liko juu kabisa. Niliweka chumvi, na badala ya kuondoka nilikaa. Papa Barnabé aliketi mbali kidogo, mgongo wake kwenye mti. Yule mtu alitoka kwenye nyasi taratibu, mikono ameiinua kidogo kuonyesha haina kitu. Koti. Bega limeshuka.

Ni kijana. Labda ana miaka ishirini na mitano, uso umekauka. Bega lake lilivunjika likaunga vibaya, basi.

Kitu kilianguka ndani yangu na bado kinaanguka.

"Jina yako nani?" Papa Barnabé alimwuliza.

"Elysée." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu asiyezungumza na watu. Akanitazama. "Kila siku unaita Papa. Mimi hapana Papa yako. Nilichoka kukudanganya."

"Ulikuwa wa Lwakato?"

Alitikisa kichwa. "Nilikuja Lwakato siku ile. Pamoja na wenye mishale."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilisimama, nikaokota gogo, nikaenda kwake. Sitajipamba hapa: nilitaka kumwua. Hakukimbia. Hakufunika hata kichwa. Papa Barnabé alinishika kwa nyuma, magoti yake yakilia, na nikapiga kelele mpaka sauti ikapotea.

Baadaye Elysée alisema mwenyewe, bila kuulizwa, akiangalia chini. Siku ya tatu alirudi Lwakato kutafuta mbuzi waliobaki. Akawakuta bado wamelala pale walipoanguka, jua limewafanyia kazi yake. Akachimba palepale, hapa na kwenye vile visiwa vingine. Wenzake wakamcheka, wakaenda bila yeye. "Nilifikiri nitamaliza, niende. Lakini kiangazi ikafika, moto ikakuja, nikasema nani atawalimia? Nikienda mbali naona moto inawakanyaga. Kila mwaka ni vile."

Nikamweleza baba alivyokuwa. Mrefu, mwembamba, mwanya kwenye meno, Zacharie wa ziwani.

"Siku ile sikuangalia sura," alisema. "Samahani."

Nilimtemea mate kwa samahani yake. Hakuyafuta.

Jumamosi 6 Septemba

Mama hunipigia kila jioni, najua, lakini kichuguuni sipandi.

Jumatatu 8 Septemba

Damien anataka kuwaita askari, ana haki. Papa Barnabé anasema tungoje. Elysée haondoki. Leo alikuwa analimia visiwa kabla ya moto wa mwisho, na mimi nilikuwa napima majani upande wa pili wa mkanda, tukafanya kazi vile, kimya, kama watu wa shamba moja. Nilijichukia kwa hilo. Usiku wa kuamkia leo nimeota baba amenipa mgongo. Nikamzunguka nimwone uso, akazunguka naye.

Jumatano 10 Septemba

Nilipanda. Nikamwambia mama kwamba mtu yule si yeye. Kwamba kuna makaburi, na sijui lipi. Kwamba niliyachoma. Yote.

"Yule kijana bado yuko?" aliuliza.

"Yuko."

"Usimuache atoke. Nakuja."

Jumamosi 20 Septemba

Mama alifika na baba mdogo kwa pikipiki mbili, wamejaa vumbi mpaka kope. Alivaa kitenge cha kanisani. Baba mdogo alikuwa na panga kiunoni na hakuna aliyemwambia alitoe.

Elysée alikuwa amesimama kando ya matuta. Nilidhani mama atamrukia. Alipita mbele yake kama hayupo, akaingia ndani ya mkanda, akayapita makaburi moja moja. Aliweka mkono juu ya kila moja. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Hakujua. Udongo haumwambii mtu kitu.

Ndipo akamgeukia Elysée.

"Siku ile ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa, mama."

"Muda huu wote nilikuwa naomba Mungu anionyeshe muntu mwenye alimuona wa mwisho. Sikumwambia Mungu awe muntu gani." Akaketi chini, akanyosha miguu. "Sura hukuangalia, binti yangu ameniambia. Lakini masikio ulikuwa nayo. Kila mumoja, niambie alisema nini. Anzia pale."

Baba mdogo alitaka kusema kitu, mama akainua kidole tu.

Elysée alipiga magoti kwenye lile la kwanza. Mwanamke, alisema, alikuwa anaita mtoto wake Consolate, Consolate, kimbia. Wa pili hakusema kitu. La tatu lilikuwa la mzee aliyewatukana mpaka mwisho. Wa nne alisali. Alikuwa anasema polepole, jasho likimtiririka kwenye bega lile bovu, na nilitaka anyamaze na nilitaka aendelee.

Kwenye la tano aliondoa kwanza jani kavu lililoanguka juu yake.

"Wa hapa alikuwa analima. Kifua wazi, joto ilikuwa mingi. Tulimuzunguka. Hakukimbia. Alisema tu, 'Ngojeni nivae shati.'"

Mama alitoa sauti. Nilidhani ni kilio, kumbe ni kicheko, kifupi, cha mke anayemjua mumewe.

"Nilizaa naye watoto wane," alisema, "hakuna siku alifungua mulango bila shati. Hata jirani akikuja kuomba moto. Hata nyumba ikijaa maji. Nathanaël, si unajua?"

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. Panga lilikuwa limeanguka kwenye majivu na hakuliona.

"Njo yeye," alisema mama. "Njo Zacharie." Kisha, kwa sauti ndogo: "Mulimungojea?"

"Tulimungojea, mama. Alifunga vifungo vyote. Mikono yake haikutetemeka. Yetu njo ilitetemeka."

"Na mushale?"

Elysée aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa udongo. "Wa kwanza ulikuwa wangu."

Sikumbuki nani alimshika nani. Nakumbuka mama amelala juu ya lile kaburi la tano kwa kifua chake, mikono ameinyosha, na kile kilio cha miaka minane kikatoka. Sijawahi kusikia sauti ile. Kuro waliokuwa kanisani walikurupuka, tukawaona wanakatiza nyasi nyeusi, na Damien, aliyesimama mbali amevua kofia, hakuwahesabu.

Jumapili 21 Septemba

Kuhamisha mwili? Mama amekataa. Amelala fasi alianguka, alisema, na amevaa.

Elysée mwenyewe ameomba apelekwe Niemba kwa mapolisi. Baba mdogo na Papa Barnabé wamemsindikiza kwa miguu, hawakumfunga. Kabla ya kuondoka alinionyesha upana wa mkanda, jinsi ya kulima udongo kuelekea nje ili majani makavu yasiingie. Nilisikiliza. Sijamsamehe, na sijui kama hilo ni jambo linalonihusu peke yangu. Najua tu kwamba bila yeye nisingekuwa na pa kumpeleka mama, na kwamba bila yeye mama asingekuwa na sababu ya kuja.

Alhamisi 2 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kazi imekwisha. Damien amechora visiwa vyote kwenye ramani yake na kuandika: pasichomwe. Aliniuliza sababu ya kitaalamu aiweke ipi. Nikamwambia aandike makaburi.

Kalemie, Jumapili 12 Oktoba

Matanga yameisha. Watu walijaa mpaka barabarani, baba mdogo aliimba mpaka akapoteza sauti, na walimnyoa mama nywele jana mchana kwenye kibaraza. Kichwa chake ni kidogo kuliko nilivyodhani.

Leo asubuhi alikuwa anafagia uwanja. Miaka minane, mtu yeyote aliyemwita mjane alifukuzwa kwa ufagio huohuo. Nimeona mashemasi wanakimbia. Jirani mmoja alipita kwenda misa, mgeni wa mtaa, hajui mambo yetu.

"Mama mujane, umeamukaje?"

Nilitoka mbio jikoni kuzuia ugomvi.

Mama alisimama, akajishika kiuno. Akaitika.